Eksirei za kupanga meno: swali litangulie picha

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumzie picha za eksirei za fuvu na taya wanazopigwa watu wanaotaka kupangwa meno, hasa watoto. Yapo makosa mawili yanayotusikitisha sisi tunaofanya kazi hii. Kosa la kwanza ni kumpeleka mgonjwa chumba cha eksirei kabla hajafunguliwa mdomo, akapigwa picha mbili au tatu kwa sababu tu ndivyo wanavyopigwa wote. La pili ni kinyume chake: mtu anabandikwa braketi bila picha yoyote, waya inavuta kwa miezi kadhaa na jino halisogei, kumbe ndani ya mfupa limelala jino jingine ambalo hakuna aliyejua kwamba lipo.

Kazi ya eksirei ni kujibu swali ambalo jicho, kidole na rula vimeshindwa kulijibu. Kwa hiyo uchunguzi wa kinywa ndio unaotangulia. Daktari ayahesabu meno moja moja na kuyalinganisha na umri, apime kwa rula meno ya mbele ya juu yametangulia yale ya chini kwa milimita ngapi, autazame uso kwa mbele na kwa ubavuni midomo ikiwa imelegea, apapase fizi kutafuta meno ambayo hayajatoka, kisha achukue nakala ya meno kwa plasta au kwa skana. Akishamaliza hapo ndipo ajaze fomu ya eksirei. Fomu iliyoandikwa "kupanga meno" na basi haimwambii mpiga picha chochote. Fomu inayofaa inasema, kwa mfano: "Umri miaka 11, chonge la juu kulia halipapasiki, la utotoni bado ni imara, lipo wapi?" Aliyeandika hivyo tayari anajua atafanya nini jibu likija hivi, na atafanya nini likija vile. Kama jibu lolote lile halitabadilisha tiba, basi picha hiyo haina sababu ya kupigwa.

Picha inayoagizwa zaidi ni ya panorama. Mashine huzunguka kichwa kwa sekunde 10 hadi 20 hivi na kutoa taya zote mbili kwenye picha moja bapa. Faida yake ni kuona meno yaliyopo, yasiyokuwapo kabisa, ya ziada, yanayokuja kwa mwelekeo mbaya, na mifupa inayoyazunguka. Hapo ndipo huonekana kwamba gego dogo la pili la chini halijaumbika, au kwamba kijino cha ziada kimekaa katikati ya mizizi miwili ya mbele na ndicho kinachoyatenganisha meno. Kuliziba pengo kwa waya bila kukijua kijino hicho ni kuvuta mizizi kwenye kizuizi.

Chonge la juu linastahili maelezo marefu zaidi, kwa kuwa ndilo linalopotea njia mara nyingi kuliko jino jingine lolote ukiacha magego ya mwisho. Watu wapatao 2 katika kila 100 wanalo lililokwama. Kuanzia miaka 9 au 10, uvimbe mdogo wa chonge hupapasika juu ya fizi kwa nje, upande wa shavu. Ukipapasika pande zote mbili kwa usawa, mtoto huyo hahitaji eksirei kwa ajili ya chonge. Usipopapasika hadi kufikia miaka 10 au 11, au ukipapasika upande mmoja tu, hapo swali limepatikana. Watafiti wa Uswidi, Ericson na Kurol, walionyesha mwaka 1988 kwamba kung'oa chonge la utotoni mapema kulirudisha kwenye njia yake chonge la kudumu lililokuwa likielekea kwenye kaakaa katika asilimia 78 ya meno waliyoyafuatilia. Pale ambapo ncha ya chonge ilikuwa haijavuka katikati ya mzizi wa jino jirani, mafanikio yalifika asilimia 91. Ilipokuwa imevuka, yalishuka hadi 64. Ndiyo maana tunasema picha moja iliyopigwa kwa wakati wake inaweza kumwepusha mtoto na upasuaji na miezi mingi ya kulivuta jino kwa mnyororo, na picha ileile ikipigwa akiwa na miaka 15 inakuwa taarifa ya jambo lililokwishaharibika.

Lakini panorama peke yake haisemi kama chonge liko upande wa kaakaa au upande wa mdomo. Ili kujua, hupigwa picha ya pili ndogo kwa pembe tofauti, mara nyingi ile ambayo mgonjwa hung'ata kipokea picha na mwale ukashuka kutoka juu. Kanuni yake ni nyepesi: kitu kilicho nyuma husogea pamoja na mashine, kilicho mbele husogea kinyume chake. Mwale wa panorama hupanda kidogo kutoka chini. Kwenye picha ya pili chanzo kimehamia juu. Ikiwa ncha ya chonge nayo imeonekana kupanda ukilinganisha na mzizi wa jirani, jino liko upande wa kaakaa. Ikiwa imeshuka, liko upande wa mdomo. Daktari wa upasuaji anayeanza kupasua bila kulijua hilo anaweza kufungua upande usio wenyewe.

Sasa tuje kwenye upigaji, maana hapo ndipo picha nyingi huharibika, na picha iliyoharibika hurudiwa, yaani mionzi mara mbili kwa jibu moja. Panorama huona vizuri ukanda mwembamba tu wenye umbo la upinde wa meno. Kilicho nje ya ukanda huo hufifia au hupotoka. Meno ya mbele ya juu na ya chini lazima yang'ate ndani ya mfereji wa kijiti cha kung'atia, ncha kwa ncha. Yakiwa mbele ya mfereji, meno ya mbele hutoka membamba na hafifu. Yakiwa nyuma yake, hutoka mapana. Kidevu kikiinamishwa mno, upinde wa meno hujikunja kama tabasamu lililozidi na mizizi ya mbele ya chini hupotea. Kikiinuliwa mno, upinde hunyooka au kupinduka, na kivuli cha kaakaa hufunika mizizi ya juu, palepale tulipokuwa tunalitafuta chonge. Kichwa kikigeuka upande, magego ya upande mmoja huonekana makubwa na ya upande wa pili madogo, na mtazamaji asiye makini anaweza kuandika kwamba taya limepinda ilhali lililopinda lilikuwa shingo tu.

Mengine ni madogo ila yanaharibu vilevile. Ulimi usipobandikwa kaakaani muda wote, hewa huacha utepe mweusi juu ya mizizi ya meno ya juu. Mgonjwa akijikunyata, uti wa shingo huacha kivuli cheupe katikati ya picha. Asimame wima, apige hatua ndogo mbele, ashushe mabega. Hereni isiyovuliwa hutokea mara mbili: mahali pake, na tena upande wa pili, juu zaidi, ikiwa kubwa na yenye ukungu. Akitikisika, ukingo wa taya la chini huonekana kama umevunjika. Haya yote yanazuilika kwa dakika mbili za maelezo na kwa kuizungusha mashine mara moja bila mionzi ili mtoto aizoee. Mpiga picha anayezikosa dakika hizo mbili kwa sababu ya foleni huishia kutumia dakika kumi kurudia.

Tahadhari moja zaidi kuhusu panorama. Huikuza picha kwa asilimia 20 hadi 30, na si kwa kiasi sawa kila mahali, kwa hiyo haifai kupimia upana wa jino wala pengo. Mizizi ya chonge na gego dogo pia huonekana kama inapishana au kuachana isivyo kweli, kwa sababu mwale haupiti pale kwa pembe mraba. Kuikunja waya upya kwa ajili ya mizizi iliyopotoka kwenye karatasi tu ni kumtesa mgonjwa bure.

Aina ya pili ya picha ni ya fuvu kwa ubavuni. Utaratibu wake ulitangazwa mwaka 1931 na watu wawili waliofanya kazi kila mmoja kivyake, Holly Broadbent huko Marekani na Herbert Hofrath huko Ujerumani. Walichokileta hakikuwa mionzi mipya, kwani Röntgen alikwisha kuigundua mwaka 1895. Walileta kishikio cha kichwa, ili picha ya leo na ya miaka mitatu ijayo zipigwe kwa mkao uleule na umbali uleule, zipate kulinganishwa. Umbali uliozoeleka kutoka kwenye chanzo hadi katikati ya kichwa ni futi 5, yaani sentimita 152 hivi. Chanzo kikiwa mbali, miale hufika ikiwa karibu sambamba na ukuzaji hupungua; kipokea picha kikiwa sentimita 15 kutoka katikati ya kichwa, ukuzaji ni kama asilimia 10. Ndiyo sababu lazima rula ya chuma au alama ya kipimo ionekane ndani ya picha. Bila hiyo pembe zinapimika, lakini milimita hazina maana.

Vijiti vya masikio vya kishikio hicho viingie ndani ya matundu ya masikio, si kugusa kwa nje tu. Kichwa kikae katika mkao wake wa kawaida, mgonjwa akijitazama macho kwenye kioo kilicho mbele yake, au mstari unaotoka juu ya tundu la sikio hadi ukingo wa chini wa tundu la jicho uwe sambamba na sakafu. Magego yang'atane kama anavyong'ata siku zote. Watoto wengi wakiambiwa "ng'ata" husukuma taya mbele, na hapo kidevu kilichorudi nyuma huonekana kizuri kwenye picha na tiba hupangwa kwa uso usio wake. Mpiga picha athibitishe kwa kutazama magego kabla ya kufunga mlango. Midomo iachwe ilegee hata kama haikutani, kwa maana midomo isiyokutana ni dalili, na kuibana ni kuificha dalili. Kichujio cha alumini kiwekwe mbele ya uso ili pua, midomo na kidevu visiunguzwe na mwanga, vionekane. Mashine zinazopitisha mwale kidogo kidogo huchukua sekunde kadhaa. Mtoto akimeza mate katikati, mstari wa taya unakuwa na mawimbi.

Ukingo wa taya la chini kuonekana mara mbili si kosa daima, kwani upande ulio mbali na kipokea picha hukuzwa zaidi. Mistari miwili ikipishana kidogo, huchorwa mstari wa kati. Ikipishana sana na matundu ya masikio nayo yakapishana, kichwa kilikuwa kimegeuka au kuinama upande. Matundu yakiwa yanaoana na taya halioani, hapo fikiria taya lisilolingana kweli, na ndipo picha ya fuvu kwa mbele inapoweza kuwa na sababu.

Usomaji wake hufanywa kwa kuweka nukta. S ni katikati ya kishimo cha tezi ya pituitari. N ni mahali mfupa wa paji unapokutana na mifupa ya pua. A ni sehemu iliyobonyea zaidi mbele ya taya la juu. B ni hivyohivyo kwa taya la chini. Pembe ya SNA, yaani ile iliyo kwenye N kati ya mistari ya kwenda S na A, kwa wastani ni digrii 82, SNB 80, na tofauti yake, ANB, ni 2. ANB ikizidi 4, mara nyingi taya la chini liko nyuma ya la juu. Ikishuka chini ya sifuri, liko mbele. Tumesema "mara nyingi" kwa sababu nukta N yenyewe ikiwa mbele au nyuma kuliko kawaida, au taya zote zikiwa zimezunguka, ANB inadanganya. Kipimo cha Wits alichokitoa Jacobson mwaka 1975 huikwepa N kwa kushusha mistari kutoka A na B hadi kwenye mstari wa meno yanapokutana, ila nacho hutegemea mstari huo umechorwaje. Ndiyo sababu vipimo viwili husomwa pamoja, na vyote viwili huwekwa kando ya uso wa mgonjwa mwenyewe.

Nukta hazipatikani kwa urahisi sawa. Ncha ya mzizi wa jino la mbele la chini, kona ya taya na juu ya tundu la sikio ndizo zinazowakosesha hata wazoefu. Programu za kompyuta sasa huziweka zenyewe kwa sekunde chache na kutoa jedwali lenye desimali. Desimali hizo zisimtishe mtu. Nukta ikikosewa kwa milimita moja, pembe hubadilika, na programu haijui kwamba mgonjwa alikuwa amesukuma taya mbele. Daktari azipitie nukta moja moja, azihamishe zilizokosewa, ndipo asome.

Hapa tunataka kusema kwa uchungu kidogo. Takwimu nyingi za wastani zinazokuja na programu hizo, zikiwamo zile za mtaalamu wa kupanga meno Steiner za mwaka 1953, zilitokana na Wamarekani wenye asili ya Ulaya. Kwa watu wenye asili ya Afrika, meno ya mbele juu na chini kwa kawaida hukaa yakiwa yametangulia zaidi na midomo ni minene zaidi, na huo ni uso wa kawaida, si ugonjwa. Pembe ya jino la mbele la chini kwa ukingo wa taya ambayo jedwali linasema iwe 93 hivi, kwao huzidi hapo bila tatizo lolote. Anayeng'oa magego madogo manne ili tu kuzirudisha namba kwenye safu ya jedwali anaweza kuunyausha uso mzima wa kijana, na meno yaliyong'olewa hayarudi. Chagua kwenye programu takwimu za watu wanaofanana na mgonjwa; zisipokuwapo, uso na midomo vipewe uzito kuliko jedwali.

Je, kila mtu anahitaji picha ya ubavuni? Hapana. Meno yaliyosongamana kidogo huku taya zikilingana na magego yakikutana vizuri hupangwa bila picha hiyo. Tafiti kadhaa zimewapa madaktari taarifa za wagonjwa, kwanza bila picha ya ubavuni kisha wakiwa nayo, na kwa wagonjwa wengi mpango wa tiba haukubadilika. Inahitajika pale taya zinapotofautiana, meno ya mbele yanapotarajiwa kusogezwa sana mbele au nyuma, kifaa cha kuongoza ukuaji wa taya kinapofikiriwa, au upasuaji wa taya unapopangwa. Kwa ukuaji, pingili za pili, tatu na nne za shingo zilizomo kwenye picha hiyohiyo husaidia kukadiria kama kilele cha kasi ya ukuaji bado hakijafika au kimepita, ingawa wasomaji wawili hawakubaliani kila mara. Angalau haihitajiki eksirei nyingine ya kiganja. Kama ukuaji si swali, mwale ukatwe juu ya shingo ili tezi ya thairoidi isiguswe, na juu ya paji ukatwe pia, kwani utosi hausomwi na mtu. Kupiga picha baada ya kutoa braketi kwa ajili ya kumbukumbu ya daktari tu, au kwa kuogopa kushtakiwa, si sababu ya kitabibu.

Kuhusu mionzi, hofu nyingi zimezidi kipimo na ulegevu mwingine nao umezidi. Mionzi ya asili tunayoipata wote kutoka ardhini, angani na kwenye chakula ni wastani wa maikrosiverti (kipimo cha dozi ya mionzi) 2,400 kwa mwaka duniani, yaani kama 6 au 7 kwa siku. Picha ya ubavuni ya kidijitali kwa kawaida haifiki 6, na panorama ni kati ya 3 na 24 hivi. Ni kidogo, lakini hakuna kiwango kinachohesabiwa kuwa sifuri, na mtoto huathirika mara mbili hadi tatu kuliko mtu mzima. Mjamzito anaweza kusubiri, maana kupanga meno si dharura. Aproni ya risasi nayo haiondoi haja ya kujizuia: kwenye panorama kola yake ya shingoni huzuia mwale na kuacha doa jeupe, na Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilishauri mwaka 2024 kwamba aproni na kola zisitumike tena kwa kawaida. Kinachomkinga mgonjwa ni mwale uliobanwa vizuri na picha isiyorudiwa.

Picha ya pande tatu, CT ya mwale wa koni, ni jambo jingine. Dozi yake huanzia makumi ya maikrosiverti na inaweza kupita 1,000 kwa eneo kubwa. Tunaitetea kwa chonge lililokwama linaloshukiwa kula mzizi wa jirani, kwa mpasuko wa kaakaa na kwa baadhi ya upasuaji wa taya, eneo likibanwa hadi sehemu husika. Hatuitetei kama picha ya kuanzia kwa kila mtoto. Na ikiwa imepigwa ya kichwa kizima kwa sababu ya haki, panorama na picha ya ubavuni zitolewe humohumo kwenye kompyuta, mgonjwa asirudishwe kwenye mashine.

Tiba ikiendelea, picha ndogo za mizizi ya mbele miezi 6 baada ya waya kuanza kuvuta zina maana kwa mwenye mizizi mifupi, yenye ncha kama bomba, au aliyewahi kuumia meno. Mizizi ikionekana kupungua, nguvu husimamishwa kwa miezi 2 au 3 kabla ya kuendelea, na malengo hutazamwa upya.

Mwisho ni usomaji wa picha nzima. Picha iliyoagizwa kwa ajili ya meno ina pia vifundo vya taya, sehemu ya vishimo vya pua, njia ya hewa, pingili za shingo na kishimo cha pituitari. Uvimbe wa maji unaozunguka jino lililozama hauumi hadi uwe mkubwa, na huonekana hapohapo kwenye panorama kwa anayetazama nje ya waya zake. Kila picha iandikiwe maelezo, hata mistari mitatu, yenye tarehe na jina la aliyeisoma. Mgonjwa apewe faili lenyewe la kidijitali likiwa na kipimo chake. Picha iliyopigwa kwa simu kutoka kwenye kioo cha kompyuta hupoteza ukubwa halisi, na daktari wa pili akiipokea hiyo atalazimika kuagiza eksirei mpya kwa mtoto yuleyule.

Ni sisi,
Wataalamu wa kupanga meno na wapiga picha za eksirei za meno